Amin ya Ghiyathi

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri kwamba mji mmoja wa jangwani ulikuwa na desturi yake ya kukata shauri. Kadhi hutoa rai, huinua mikono kuomba dua, na baraza likishaitikia "Amin", hukumu imepita.

Mwaka mmoja watoto wengi waliugua kwa maji ya kisima cha msikiti. Ikavuma kwamba Rayhana, mkunga mgeni asiye na ndugu pale, ndiye aliyetia sumu. Kadhi akaamua atupwe jangwani kabla jua halijatua, bila hata kiriba cha maji. Akainua mikono. Mabwana wazima na vilemba vyao wakaitikia, "Amin!"

Ghiyathi bin Sahli, mcha Mungu aliyeketi safu ya nyuma, hakuinua mikono yake. Alimwogopa Kadhi kama wenzake. Ila Mola wake alimwogopa zaidi.

"Ewe Ghiyathi, mikono yako ina nini?" Kadhi akauliza.

"Mizima, alhamdulillahi. Lakini Amin yangu ni ushahidi, nami sikuona kitu."

"Anayejitenga na jamaa ataondoka na huyo mwanamke!"

"Basi tutaondoka wawili. Ila kwanza, kwa haki ya Mwenyezi Mungu, kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake. Aanze mdogo wetu, nawe Kadhi useme mwisho."

Kadhi akakubali kwa hasira, akitaraji kumwaibisha. Mdogo wao akasema hakuona chochote, alimsadiki Nuumani, mwenzake wa baraza. Nuumani naye hakuona, alimsadiki jirani yake. Jirani akainamisha kichwa: "Mimi nilisema, Kadhi hawezi kukosea."

Zamu ikamfikia Kadhi.

"Wallahi, nilikuwa na shaka," akasema. "Nilipoona hakuna anayepinga, nikadhani nyinyi mnajua."

Hukumu ikafutwa. Kisima kikachunguzwa, kumbe chini mna mzoga wa paka. Siku zote hizo hakuna aliyejisumbua kuchungulia!

Baraza zima likaenda kwa Rayhana, likasema kwa sauti moja, "Tuwie radhi."

"La," akajibu, amesimama mlangoni. "Mliponihukumu kila mmoja alijificha nyuma ya mwenzake. Sasa njooni mmoja mmoja."

Wakaenda mmoja mmoja, na safari hii Kadhi alitangulia.

Ndugu zangu, tushauriane, maana tumeamrishwa. Lakini Siku ya Hisabu kila mja atasimama peke yake na Amin yake.