Ng'ombe wa Bibi Mbeleje na Dawa ya Josho

Sogeeni karibu, lakini leo msitarajie kucheka.

Kijijini kwetu kulikuwa na watu watatu waliosifiwa. Chilongani alijua kupima kina cha maji kwa fimbo yake yenye alama. Sechelela alikuwa na kichwa cha hesabu, hata walimu walimwogopa. Mhalo alijua kuchanganya dawa ya kupe. Mwaka ule kupe waliua ng'ombe mpaka mazizi yakanuka, kijiji kikawaita hao watatu wafufue josho, lile birika refu la kuogeshea mifugo.

Chilongani akazamisha fimbo. "Lita elfu tisa," akasema. Ncha ilitoka na tope zito, akaipangusa kwenye majani. Tope halikosekani joshoni, ama?

Sechelela akapiga hesabu: dawa lita moja kwa kila lita elfu za maji. "Lita tisa, tone lisizidi." Hesabu haikuwa na kosa hata chembe. Ila hakuuliza josho lilisafishwa lini, na lilikuwa na miaka sita halijaguswa.

Mhalo akamimina, akakoroga. Macho yakamchoma kuliko siku zote. "Sechelela hakosei," akajiambia, akafungua lango.

Wa kwanza kuingia alikuwa ng'ombe wa Bibi Mbeleje, maana kwetu mjane hutangulizwa. Bibi alikuwa na huyo mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu mchanga aliyefiwa na mama. Jamani! Ng'ombe alitoka akitetemeka, povu mdomoni, akaanguka mbele yetu. Hakuamka tena.

Lango likafungwa, wakapima upya. Theluthi mbili ilikuwa tope. Maji lita elfu tatu tu. Dawa ilikuwa kali mara tatu.

"Mimi nilisoma fimbo," Chilongani akasema.

"Nami nilitajiwa elfu tisa," Sechelela akajibu huku akilia.

"Nami niliambiwa lita tisa," akasema Mhalo.

Bibi Mbeleje akauliza jambo moja: "Mtoto atakunywa nini kesho?"

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini mtoto hanywi methali. Wazee wakakata shauri mmoja wa wale watatu atoe ng'ombe wake. Kila mmoja alikuwa na mmoja tu, wa maziwa ya kibaba, na watoto nyumbani. Wakashindwa kutaja ni nani, na kichanga kinalia.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu: mngemfungua ng'ombe wa nani?