Mlango wa Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba za fito na udongo na kusengenyana na majirani kama sisi, alikuwepo Bi Digidigi. Alikuwa mdogo, miguu myembamba kama njiti, na nyumba yake ilikuwa ndogo vilevile. Mlango wake ulikuwa mfupi mno. Yeye na wanawe wawili walipita bila shida, lakini Fisi hakuweza kuingiza hata mabega. Ndiyo maana walilala usingizi mnono.

Sasa nyumba ikachakaa. Ukuta ukapata ufa, nyasi za paa zikaoza, na mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Bi Digidigi akaingiwa na hofu. Mvua ikishuka, watoto watalala wapi?

Na fundi pekee pale kijijini alikuwa nani? Fisi! Msicheke. Mikono yake ilikuwa ya kazi kweli, na fundo alilolifunga yeye halikufunguka.

"Hodi, hodi! Bi Digidigi, nasikia una kazi."

"Karibu, fundi. Nataka kukarabati. Ziba ufa, ondoa nyasi mbovu, ezeka mpya. Basi."

"Kukarabati tu? Aa, shemeji, mambo ya kizamani hayo! Tuibadili nyumba kabisa. Tuvunje hapa, tupanue pale..."

"Kubadili ni kitu kingine, fundi. Ukikarabati, nyumba inabaki ile ile, ila inakuwa nzima. Ukibadili, inakuwa nyumba nyingine. Mimi naipenda hii hii."

"Sawa, sawa," Fisi akasema, huku mate yakimdondoka, to! to! to!

Bi Digidigi akachukua mtungi, akaenda kisimani na wanawe. Aliporudi, lo! Ufa ulikuwa pale pale, nyasi mbovu pale pale, lakini mlango ulikuwa umebomolewa na kupanuliwa kama mdomo wa kiboko. Fisi alikuwa ndani, anakagua mahali wanapolala watoto.

"Hi-hi-hiii! Umeuonaje, shemeji? Sasa hewa inaingia!"

Hewa! Bi Digidigi alijua kitakachoingia, na si hewa. Mchana Fisi alikuwa fundi, majirani wote wanamwona. Jua likishatua, angekuwa Fisi. Machozi yakamlengalenga. Lakini akilia yeye, nani ataliziba lile shimo? Akayameza machozi, akacheka.

"Fundi, umeniweza! Nimeupenda. Ila mbona umefanya nusunusu? Kama ni kubadili, tubadili kweli. Toboa mlango mkubwa kuliko huu, ukuta wa nyuma, utazame kichakani."

Kichakani! Fisi nusura aruke kwa furaha. Kule hakuna jirani wa kuona nani anaingia. "Hapo umenena, shemeji!"

"Lakini tuuzibe huu kwanza. Nyumba yenye matundu mawili makubwa itaanguka, na watu watakusema wewe."

Desturi yao ilikuwa hivi: fundi hufunga fito akiwa ndani, mwenye nyumba hukandika udongo kwa nje. Fisi alikuwa mwongo, tena mlafi, lakini kazi yake aliionea fahari, na desturi ya ufundi hakuivunja. Akabaki ndani. Vuta, kaza, funga! Bi Digidigi akampitishia fito. Wanawe wakakanyaga udongo kwa kwato, chwa! chwa! chwa! Yeye akakandika, pa! pa! pa! Akaupitia na ule ufa, akauziba.

"Na hili pengo la chini?" Fisi akauliza.

"Hilo liache, fundi. Ni la kukupitishia vifaa."

"Haya, nipitishie shoka nililoliacha nje, nitoboe ukuta wa nyuma."

Shoka halikuja.

"Shemeji? Shoka!"

"Shoka nimelikalia, fundi."

"Umelikalia! Kwa nini?"

"Kwa sababu kazi ya ukuta imekwisha. Ufa umezibwa, na mlango umerudi kimo chake cha zamani. Nilitaka kukarabati, nawe umenikarabatia. Ahsante sana."

Fisi akainama pengoni. Akatoa pua. Akatoa kichwa. Mabega yakagoma. Akang'ata ukuta, mdomo ukajaa udongo. Ptuu! Akahangaika na mafundo, lakini ameyafunga mwenyewe, atamlaumu nani?

"Nitoe, shemeji! Nitoe, nakufa!"

"Hufi. Utatokea juu. Si bado nyasi mbovu? Panda kitandani, zibandue zote."

Fisi akabandua nyasi huku akipiga chafya, chwee! chwee! Alipochomoza kichwa juu ya nyumba, akawakuta majirani wamejaa uani, Nyani mbele, Ngiri nyuma, wanamtazama.

"Fundi," Nyani akasema, "ulitumwa kuziba ufa. Mlango ulikukosea nini?"

Fisi akachomoka paani. Akaruka chini, puu! Akatimua mbio, hata shoka lake hakulikumbuka. Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaezeka nyasi mpya. Bi Digidigi akainama kidogo, akawaingiza wanawe ndani, na furaha yake haikuwa na mfano.

Nami nawaacha hapo hapo mlangoni, wajukuu zangu, mkijua hili: kabla hujamkabidhi fundi nyumba yako, jua kama unataka kutengeneza kilichoharibika au kubadili kilicho kizima.