Kitako cha Baba

"Bunduki huulizwa mtutu, haiulizwi kitako." Jana mlinisikia nikimwambia Lunogelo maneno hayo, alipotaka kununua pikipiki iliyotumika kwa sababu tangi lake linang'aa, mkacheka. Haya, chekeni mmalize. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia kwa mjomba wangu Kihwele, kule Kilolo, miaka ambayo nyani walikuwa wakitutangulia kula mahindi yetu.

Baba yake Kihwele aliwahi kuwa na bunduki ya risasi ndogo, zile zisizozidi unene wa penseli. Kwenye kitako ilikuwa na kibati cha shaba chenye jina la duka moja kubwa la mjini. Duka hilo halikutengeneza bunduki hata moja. Liliziagiza kutoka viwanda mbalimbali, likazigongea jina lake, kwa hiyo jina hilo halikukuambia bunduki imetengenezwa na nani wala inakula risasi gani. Mzee alipofariki, bunduki ikauzwa. Kihwele akabaki na kopo la risasi na hamu ya kuirudisha nyumbani.

Siku moja akasikia kwamba Mgimwa, karani mstaafu, anauza bunduki kuukuu. Akaenda na mkewe Twilumba. Alipoigeuza akakiona kile kibati, na chini yake alama tatu ambazo baba yake alizichonga kwa kisu. Machozi yakamlengalenga.

"Hiki si kitako cha bunduki ya marehemu baba?"

"Ndicho," Mgimwa akajibu.

Twilumba akamnong'oneza, "Baba Vumilia, tazama na mtutu. Maandishi yamefifia, tupake unga tuyasome. Au turudi kesho na risasi moja tuijaribu."

"Mama Vumilia, kitu cha baba yangu nisikijue mimi?"

Mjomba nilimpenda, lakini hapo alikosea. Akatoa maksai wake wawili, wale wale wa kulimia, akaichukua bunduki.

Asubuhi yake nyani wakaingia shambani. Kihwele akatia risasi ya baba yake. Ikaingia nusu, ikakwama. Nyani wakala bila haraka mpaka wakashiba. Twilumba, aliyesoma misheni, akaleta unga wa mahindi, akausugua kwenye mtutu, kisha akaufuta kwa kiganja. Herufi zikabaki nyeupe. Kiwanda kilikuwa kingine kabisa, si kile kilichotengeneza bunduki ya marehemu, na chini yake iliandikwa kwamba bunduki hiyo ni ya risasi fupi tu. Za marehemu zilikuwa ndefu, na zile fupi madukani zilikwisha kusahaulika.

Kihwele akarudi kwa Mgimwa akihema.

"Umenidanganya, mzee!"

"Nimekudanganya wapi? Bunduki ya baba yako ilipasuka mtutu, fundi akakipachika kitako chake kwenye nyingine. Uliniuliza kitako, nikakujibu kitako. Mtutu hukuuliza."

Maksai hawakurudi. Mwaka ule yeye na mkewe walilima kwa jembe la mkono, na Twilumba hakumsimanga hata mara moja. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Baadaye alikibandua kitako, akakitundika ukutani sebuleni. Kila aliyekuja kutaka ushauri kabla ya kununua kitu kilichotumika, mjomba alimwonyesha kwa kidole.

"Kile ni cha baba kweli, sikukosea," alikuwa akisema. "Lakini bunduki huulizwa mtutu, haiulizwi kitako."