Kibali cha Kuhamisha Tawi la Mbweleko

Hapo zamani, wala si kale sana, benki ilipokuwa haiwezi kuhamisha hata kiti bila kibali chenye muhuri, Bi Nyamizi alikuwa meneja wa tawi dogo ukingoni mwa mto Luhanga, mjini Mbweleko.

Masika mawili mfululizo maji yaliingia ofisini. Nyamizi akawaandikia wakubwa wanaosimamia mabenki: tunaomba kuhamia mlimani. Wakajibu: leta ramani. Akaleta ramani. Wakajibu: leta mkataba wa pango la jengo la mlimani. Akaleta mkataba. Wakajibu: bandika tangazo mlangoni, wateja walisome siku tisini, ndipo tutoe kibali. Akabandika. Siku ya arobaini mto ukaja kulisoma wenyewe.

Saa nne asubuhi maji yalifika magotini, na ndani ya sefu mlikuwa na hati za mashamba za wakulima mia mbili. Nyamizi akapima. Akihama, kavunja sheria. Asipohama, watu watabaki bila ushahidi wa ardhi yao.

"Tunahama," akasema. "Lawama nibebesheni mimi."

Magembe, mlinzi, akajitwika sanduku la hati. Njiani mkondo ukampiga, mguu ukateguka.

"Litupe, utakufa!" jirani mmoja akampigia kelele.

"Humu mna shamba la mama yako!" akajibu, akaupanda mlima akichechemea. Sanduku halikuloa.

Lakini Sekiete, karani, alikataa kuondoka.

"Mama Meneja, kanuni inasema tawi lisifungwe kabla wateja hawajaambiwa. Mimi nabaki mlangoni."

"Sekiete, umerogwa?"

"Sijarogwa, mama. Nimesoma kanuni."

Akasimama juu ya meza barazani, akipaza sauti: "Benki iko mlimani! Rudini!" Wazee saba waliofuata pensheni wakageuka kabla hawajakanyaga mkondo. Adhuhuri ukuta ukaanguka, naye akaopolewa kwa kamba.

Baada ya wiki akaja mkaguzi wa wale wakubwa, na barua ya kulifunga tawi mkononi.

"Mmehama bila kibali. Wateja, je, waliambiwa?"

"Tuliambiwa, tena kwa kupigiwa kelele!" wakajibu wale wazee saba.

Mkaguzi akakuna kichwa, akaandika: tawi halikufungwa, lilisogea. Leseni ikapona. Kibali chenyewe kilifika mwezi uliofuata, kikiwaruhusu kuondoka katika jengo ambalo halikuwepo tena.

Makao makuu ya benki yakafurahi, yakatoa nyumba moja mlimani kwa mfanyakazi mmoja. Nyamizi akaagizwa apeleke jina. Nyumba zao wote watatu zilikuwa zimekwenda na maji.

"Mimi nilibeba," alisema Magembe, mguu umefungwa bendeji. "Bila hati, mngehamisha nini? Viti?"

"Mimi nilibaki," alisema Sekiete. "Bila mimi wazee wangezikwa, na tawi lingefungwa."

Nyamizi naye alikuwa na lake moyoni: bila amri yake hakuna ambaye angenyanyua hata karatasi. Aliinamia fomu. Kuandika jina lake aliona aibu; kuandika la mwingine aliona uchungu, maana watoto wake walikuwa wakilala darasani tangu mafuriko.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu. Haya, nyinyi mliosikia, mwambieni: je, nani alistahili nyumba?