Kwa Nini Mikono Hukonda Kabla ya Moyo

Kulikuwa na wakati ambapo mwili wa mtu ulikuwa na maghala mawili. Msiniulize ni lini. Aliyenisimulia naye hakuambiwa ni lini. Aliambiwa tu kwamba milima ilikuwa hapa hapa, na Mungu alikuwa Mungu yule yule.

Ghala la kwanza lilikuwa la mafuta, nalo lilikaa chini ya ngozi. Kazi ya mafuta ilikuwa kama ya kuni: kuwaka polepole na kumpa mtu joto na nguvu ya kutembea chakula kinapopungua. Ghala la pili lilikuwa ndani zaidi, kando ya mifupa, nalo lilijaa shanga. Zilikuwa shanga ndogo kupita uwezo wa jicho, za aina ishirini, na kwa hizo Mungu alitunga nyama ya mtu, damu yake, nywele zake, hata kucha zake. Siku hizi wauguzi wa zahanati huziita asidi amino, na mikufu inayotungwa kwa shanga hizo huiita protini. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaziita shanga.

Shanga hizo hazikuwa kwenye chakula. Zilitoka kwenye chemchemi moja ya juu mlimani, iliyobubujika siku moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno. Siku hiyo iliitwa Kujaza. Watu walipanda, wakanywa, maghala yao yakajaa, wakashuka wakiimba. Mwaka mzima uliobaki walikula ugali mtupu na kunywa maji, na hakuna aliyedhoofika. Mtu akihitaji shanga alichota ghalani mwake. Akiumia, kidonda kilifungwa kwa shanga za ghalani. Maharage waliyapanda kwa ajili ya maua yake na kuyala pale tu walipochoka na mahindi.

Kulikuwa na desturi moja. Mtoto anayenyonya hakupelekwa kwenye chemchemi. Walisema njia ni mbaya, baridi ni kali, na tena maziwa ya mama yanatoka kwenye ghala la mama, kwa hiyo mtoto anakunywa shanga zile zile bila kupanda mlima. Ilikuwa kweli. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, hakuna aliyeifikiria mara mbili.

Sasa, palikuwa na mwanamke aitwaye Nankondo, aliyeishi na mama mkwe wake, Namangi. Mume wake alikuwa amekwisha kufa. Nankondo alikuwa na mtoto wa kiume, Sekiete, aliyekuwa bado ananyonya siku ya Kujaza, akaachwa nyumbani kama desturi ilivyotaka. Mwezi mmoja baadaye Nankondo alijifungua mtoto wa pili, wa kike. Ziwa likawa la mdogo. Sekiete akapewa uji wa mahindi.

Alikunywa uji asubuhi, mchana na jioni, na tumbo lilijaa. Lakini ghala lake la shanga lilikuwa halijawahi kujazwa, na uji ulikuwa kuni tu. Moto uliwaka, ila hakuna kilichotungwa.

Baada ya miezi michache mashavu ya Sekiete yalianza kujaa. Miguu ikanenepa mpaka vifundo vikapotea. Tumbo likatangulia mbele. Nywele zake nyeusi zikabadilika, zikawa laini na nyekundu-nyekundu kama ndevu za hindi bichi. Majirani walisimama mlangoni kumtazama.

"Mama Sekiete, huyu unampa nini? Wetu hawafiki hata nusu yake!"

"Uji tu," akasema Nankondo.

"Uji tu! Sema unaficha. Tazama shavu hilo, utadhani chifu."

Namangi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwacheni mjukuu wangu. Amefuata ukoo wetu. Kwetu hakuna mtu mwembamba, isipokuwa walioolewa."

Nankondo naye alicheka, na usiku alimshukuru Mungu kwa unene wa mwanawe. Hilo ndilo kosa lililowafanya wachelewe. Waliona mtoto amevimba, wakadhani amenawiri. Hawakujua kwamba shanga zinapokosekana kwenye damu, maji hayana wa kuyashika, yanatoka kwenye mishipa na kujikusanyia miguuni na usoni. Hawakujua kwamba hata mafuta yanahitaji shanga za kuyabeba, na yasipopata mbebaji hulala kwenye ini, na ini huvimba.

Kilichomshtua mama ni kimya. Sekiete aliacha kucheka. Alikaa pale alipowekwa, na kuku wa jirani alipompita hakunyoosha mkono. Siku moja Nankondo alikuwa akimwosha, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Alilitazama lile shimo kwa muda mrefu, akisubiri lijae.

"Mama," akamwita mkwe wake. "Njoo uone. Huu si unene."

Namangi akaja, akabonyeza na yeye, na safari hii hakuwa na mzaha.

Nankondo alijaribu kumrudisha mtoto ziwani. Sekiete akageuza uso. Alikuwa ameshasahau kunyonya, na hakutaka kitu chochote. Kujaza kulikuwa kumebaki miezi mitano.

Basi Nankondo akapanda peke yake mpaka kwenye chemchemi iliyokauka. Akapiga magoti kwenye mawe, akaomba. Hakuomba kwa maneno mengi. Alisema, "Bwana, ghala langu limejaa. Chukua humo umpe yeye."

Mungu akamsikia, akamjibu, "Shanga nilizozifungia ndani yako haziwezi kuingia kwake bila ziwa, naye amelikataa. Ili azipate, lazima nivunje ghala na kuzimwaga duniani, azile kama watu wanavyokula. Lakini miili yote niliifuma kwa namna moja. Nikivunja ghala lako, nimevunja la kila mtu, na chemchemi haitatoka tena. Watu watatafuta shanga kila siku ya maisha yao, na za leo hazitalala hadi mwezi ujao."

Nankondo akasema, "Vunja."

"Na siku watakayozikosa kabisa, watachota wapi?"

Nankondo akajitazama. Alikuwa mama tu, hakuwa msemaji. Akainua mikono yake, ile mikono minene ya kutwanga, akasema, "Wachote hapa. Huku kuna nyama nyingi. Toa mikononi mwangu, toa mapajani mwangu, mradi moyo wa mtoto uendelee kupiga."

Mungu akavunja.

Watu kule chini walihisi jasho la ghafla, na shanga zikawatoka kwenye ngozi kama vumbi linalong'aa. Namangi alikuwa uani. Alipoona zinamtoka alijikumbatia kwa nguvu, akapiga kelele, "Hizi ni zangu! Nilipanda mlima kwa miguu yangu!" Akafanikiwa kushika aina kumi na moja. Aina tisa zikamponyoka. Na kwa kuwa miili yote ilifumwa kwa namna moja, mpaka leo mwili wa kila mtu unaweza kujitengenezea aina kumi na moja, na tisa lazima azile.

Zile tisa zilitawanyika ovyo. Kuku, kwa kuwa kuku haachi kitu chini, walidonoa aina zote. Ng'ombe na mbuzi walizilamba pamoja na majani. Nyingine zilisombwa hadi mtoni, samaki wakazimeza. Mahindi yalisimama juu, yakapata zile zilizopeperuka na upepo, lakini yakakosa nzito. Maharage yaliyotambaa chini yakapata zile nzito, yakakosa nyepesi. Wala mahindi wala maharage hayakupata zote kwa kiasi cha kutosha. Na shanga zina tabia hii: ikikosekana aina moja tu, mtungaji husimama, hata kama nyingine zimejaa kikapuni.

Nankondo alishuka mlima mbio. Nyumbani hawakuwa na kuku wala mbuzi, waliokuwa nao waliuzwa alipokufa mume. Palikuwa na mahindi, na kibuyu cha maharage ya mbegu. Aliona shanga zinang'aa kwenye punje za mahindi, na nyingine, za namna nyingine, kwenye maharage. Akaelewa. Akamwaga vyote kwenye chungu kimoja, akaweka maji, akachochea.

Lakini ninyi mnajua maharage makavu. Hayamjali mwenye haraka.

Nankondo alikaa kando ya moto, mdogo yuko mgongoni, Sekiete yuko mapajani. Kila baada ya muda alitoa punje moja kwa mwiko, akaiuma. Bado. Akaongeza kuni. Akaiuma nyingine. Bado. Namangi alimpepea mjukuu wake kwa upindo wa nguo, akimsemesha, "Baba, subiri. Mzee wangu, subiri kidogo, mama anapika." Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili Nankondo alipouma punje ya mwisho, nayo ilikuwa bado ngumu katikati. Alipotazama chini, Sekiete alikuwa ameshaondoka.

Kwa nini Mungu aliyesikia ombi hakuharakisha maharage, mimi sijui. Nimemuuliza mambo mengi mwaka huu, na hili pia nilimuuliza. Naendelea kumwomba, maana sina mwingine wa kumwendea.

Majirani walikuja, wale wale waliosifu mashavu. Namangi akanyoosha mkono ili avute kuni. "Zima moto, mwanangu. Aliyekuwa anapikiwa hayupo."

"Usizime, mama," akasema Nankondo. "Kuna mwingine mgongoni."

Wakaacha moto uwake. Kaburi lilichimbwa chungu kikichemka, na waliporudi kutoka kuzika, maharage yalikuwa yameiva. Nankondo alikula bila kuonja ladha. Mkwe wake alimshikia bakuli, akamwambia meza, naye akameza. Kesho yake maziwa yakamjaa, na yule binti mdogo akanyonya, akaishi, akazaa, na sisi tumetoka kwake.

Kuanzia siku ya maziko hayo, mwili wa mtu una ghala moja tu, la mafuta, kwa kuwa hilo hakuna aliyeomba livunjwe. Shanga hazina ghala tena. Unazozila zaidi ya mahitaji huchomwa kama kuni au hugeuzwa kuwa mafuta, na kesho unaanza upya. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa, chakula chake cha kwanza ni makande, yaliyopondwa laini, mahindi na maharage kwa pamoja. Na panapokuwa na msiba, chungu cha makande huwekwa motoni kabla jembe halijagusa ardhi, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayekula kwanza.

Na lile neno alilolisema juu ya mawe, Mungu hakulisahau. Aliliweka ndani ya kila mwili. Mtu anapougua na kushindwa kula, mafuta huwaka kwanza, lakini mafuta hayawezi kutunga nyama. Ndipo mikono na mapaja hujifungua yenyewe, uzi kwa uzi, na kutoa shanga zake ili moyo upate za kupigia. Mikono haiombwi. Hutoa mpaka ibaki ngozi na mfupa, na moyo huwa wa mwisho.

Mlimwona baba yenu, wanangu, miezi ile mitatu aliyougua na kushindwa kula. Mliniuliza mbona mikono yake imeisha hivi, na jibu langu ndilo hili. Niliiosha mwenyewe siku tuliyomzika, mmoja baada ya mwingine, na ilikuwa myepesi kama ya mtoto. Haikuwa imeshindwa. Ilikuwa imetoa kila ilichokuwa nacho, ili abaki na sisi siku chache zaidi.