Watu wa Baraza

Baba yao aliacha nyumba mbili: moja kongwe ya mawe, yenye mlango wa nakshi, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na nyingine ya kisasa nje ya mji, yenye geti la umeme. Shee, tajiri mchoyo aliyeishi Nairobi miaka thelathini, alimwambia dada yake Mishi, "Mimi ndiye mkubwa, nachagua kwanza. Naitaka ya kale. Mlango ule peke yake ni mali."

"Hewala, kaka. Twende basi ukaione."

Walikuta wazee kumi na wawili wamejaa barazani, vikombe vya kahawa mkononi.

"Hawa ni nani?"

"Watu wa baraza. Mwenye nyumba huwapa kahawa na halua, asubuhi na alasiri. Baba aliianza desturi hii ulipohamia Nairobi."

"Na mwenye nyumba akikataa?"

"Siku yake ikifika, atajibebea jeneza mwenyewe."

Mzee mmoja akainua kikombe kitupu. "Karibu nyumbani, Shee mwanangu. Mbona halua imechelewa leo?"

Shee akarudi nyuma hatua tatu. "Dada, wewe una moyo wa watu. Chukua hii. Mimi lile geti linanitosha."

Siku hiyohiyo wakaandikiana kwa kadhi.

Kesho yake barazani alilala paka mmoja tu. Wale wazee, wajomba wa mume wa Mishi, walikuwa ndani ya basi la kurudi kwao Vanga, kila mmoja na kifurushi cha halua mapajani, wakiulizana kama Mishi hana kaka mwingine.