Waonjaji wa Tumbaku ya Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko visima, mji wa Kivumbani ulitawaliwa na Sultani Zahidi, naye hakupenda kitu kama tumbaku ya kiko aliyoichanganya kwa mkono wake. Alitwaa majani meusi ya bara, akatia karafuu na asali, akayazika siku arubaini, yakatoka makali hata inzi wakahama jumba. Mwenyewe hakuivuta. Alichotaka ni sifa.

Basi ikawa kila siku huitwa mtu barazani, akapewa kiko, akaambiwa, "Vuta, useme ladha yake." Na kila aliyevuta alikohoa kabla hajasema neno. Sultani huona ametukanwa, akahukumu, "Mtieni gerezani, akae humo hata gunia hili la tumbaku liishe." Na gunia lilikuwa kubwa, na kiko hushiba kwa chembe. Kwa mwendo ule wangezeekea humo.

Miongoni mwa waliofungwa alikuwamo Dumila, mtu wa pumu. Ndugu yake ni Shekue, mchunga mbuzi wa Sultani, fukara ambaye watu humwita mpumbavu naye huitika. Siku moja Shekue alipeleka uji gerezani, akasikia jinsi kifua cha nduguye kinavyolia, moyo ukamuuma mno. Akaenda moja kwa moja barazani.

"Nashika miguu, Bwana. Nimekuja kumwombea ndugu yangu."

"Marahaba. Nduguyo ameitukana tumbaku yangu."

"Kakohoa tu, Bwana."

"Ndiko kutukana. Lakini mimi ni mwadilifu. Niletee waonjaji mia, waionje, asikohoe hata mmoja, nami nitamwachia. Akikohoa mmoja, utamfuata nduguyo."

Waziri akainama kuficha kicheko, maana mji mzima haukuwa na vifua mia vya namna hiyo.

"Waonjaji ninao," akasema Shekue. "Ila ni wageni wengi, na kwetu mgeni hapimiwi. Nipe gunia zima."

"Chukua," akasema Sultani, ambaye habari ya wageni wengi ilimpendeza.

Shekue akalibeba gunia hadi zizini, akalimwaga lote ndani ya hori la maji, likalowa kutwa, maji yakawa meusi kama kahawa. Dawa hiyo kila mfugaji aliijua. Sultani, ambaye mbuzi aliwajua wakiwa juu ya pilau tu, hakuijua. Kisha Shekue akawafunga mbuzi midomo kwa ukindu wasijirambe, akawaosha mmoja mmoja, toka masikio mpaka mkia. Kesho yake akarudi barazani na kapu, akaliweka mbele ya Sultani.

"Nini hiki?"

"Waonjaji, Bwana. Mia niliona wachache, nikaongeza. Wameionja wote, na hakuna aliyekohoa."

Waziri akafunua kapu, akalifunika upesi. "Bwana, ni kupe! Nao wamekufa!"

"Naam, wamekufa," akasema Shekue. "Lakini kukohoa hawakukohoa."

Sultani akalitazama kapu kitambo. "Na ladha," akauliza, "wameionaje?"

"Hawakusema mengi, Bwana. Ila walipokwisha kuionja, hawakutaka tena kitu kingine duniani."

"Na gunia langu?"

"Limeisha."

Waziri akajikohoza kidogo, akajizuia, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, hukumu ya wafungwa wote ilikuwa hata gunia liishe."

Sultani alijaribu kukasirika, hasira ikamkatalia, akaangua kicheko mpaka kilemba kikamdondoka. Lango likafunguliwa, watu kumi na mmoja wakatoka, na wa mwisho alikuwa Dumila, ameegemea bega la ndugu yake, wote wawili wakilia bila haya. Shekue akapewa mbuzi kumi, wake mwenyewe.

Sultani naye hakuacha kuchanganya tumbaku. Wafugaji wa nchi tatu hufunga safari kuja kuichukua, huisifu mbele yake kwa maneno matamu, naye huzipokea sifa hizo wala hamuulizi mtu ameionja nani.